Meneja Hashiki Kibodi

Siku Bi Koma alipopandishwa cheo, mtu wa mwisho kufurahi alikuwa yeye mwenyewe. Alipofika nyumbani alikuta habari zimemtangulia. Mumewe alikuwa ameshampigia simu dada yake, dada mtu ameshakuja na keki, na mama mkwe ameketishwa kwenye kochi kubwa na kitambaa kipya kichwani. Kila mlango ulipolia, bibi huyo aligeuza sikio badala ya uso, maana siku hizi masikio ndiyo yaliyokuwa macho yake.

"Huyo meneja huyo!" wifi akapaza sauti. "Wifi yangu, leo hata viatu unavuliwa!"

"Bado sijakubali," Bi Koma akasema.

Wakacheka wote. Walidhani ni mzaha.

Jina hilo la Bi Koma alipewa na vijana wa ofisini kwake, kampuni ndogo iliyotengeneza mifumo ya kompyuta ya zahanati na maduka ya dawa. Yeye ndiye aliyekuwa mkongwe kwenye chumba cha maprograma, na alikuwa na tabia ya kuwarudishia kazi kwa sababu ya koma moja iliyokaa pasipo pake. Wakilalamika, aliwaambia, "Usipoiheshimu koma, itakukomesha." Kile walichoandika, yale maagizo ya kuiongoza kompyuta, wenyewe walikiita kodi. Mama mkwe aliposikia neno hilo mara ya kwanza, aliwatangazia majirani kuwa mkwe wake ni mtoza kodi, na kwa wiki nzima mwenye duka la pembeni alikuwa anafunga mlango kila Bi Koma akipita.

Mumewe alikuwa mpiga picha. Alikuwa na studio, na ndani ya studio pazia lenye maporomoko ya maji, na watu walipanga foleni mbele ya maporomoko hayo mpaka simu zilipoota kamera. Sasa pazia lilifunika friji mbovu uani, na yeye aliitwa kwenye harusi mojamoja, tena za watu ambao simu zao zimeishiwa chaji.

"Kwa nini usikubali?" alimuuliza mkewe wageni walipoondoka. "Wewe unakipenda kifaa chako. Mimi changu nilikijua kama kiganja changu. Kikafa, nikafa nacho. Cheo hakifi, mke wangu. Kamata cheo."

"Wanataka niache kuandika. Niwe wa vikao."

"Si ndiyo raha yenyewe? Uandikiwe!"

Mama mkwe akakohoa kutoka kwenye kochi. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Bima ya mfanyakazi wa kawaida iliwagusa mume, mke na watoto, ikaishia hapo. Bima ya meneja iliwagusa na wazazi. Hospitali ya serikali ilitibu pia, lakini foleni yake ilikuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi.

"Mimi sina la kusema," bibi akasema. "Ila ningependa kukuona sura, mkwe. Nasikia umekonda."

Bi Koma akaenda jikoni, akafungua bomba, akaosha kikombe ambacho kilikuwa safi. Kesho yake akakubali.

*

Kwanza walimwondolea kompyuta yake nzito, wakampa nyingine nyembamba kama sinia, ya barua pepe na ratiba. Kisha wakamfungia ruhusa ya kuigusa kodi, kwa sababu za usalama. Kisha wakampa chumba chenye mlango. Kutoka humo aliwaona maprograma wenzake kupitia kioo, midomo inacheza, sauti haifiki.

Mkurugenzi alikuwa mtu mcheshi, mwenye misemo. "Meneja hashiki kibodi," alimwambia. "Ukimwona meneja ameshika kibodi, ujue ofisi imeingiliwa na njaa."

Vikao vilizaa vikao. Kulikuwa na kikao cha kupanga vikao. Bi Koma alijifunza kutikisa kichwa huku akiwaza mengine, na jioni alipoulizwa nyumbani amefanya nini, alijikuta hana cha kutaja. Zamani angesema: leo duka la dawa fulani limeanza kupata tahadhari dawa zinapokaribia kuisha. Sasa alisema, "Nimeshinda," na mumewe akamwongezea chai, akidhani hiyo ndiyo sauti ya mafanikio.

Mwaka huo kampuni ilikuwa imenunua mashine ya kuandika kodi. Unaiambia unachotaka, nayo inakumwagia kurasa kwa kurasa kabla hujakohoa. Vijana waliibatiza Mjomba, kwa kuwa alikuwa na jibu la kila kitu na hakuwahi kusema "sijui". Mkurugenzi alimpenda Mjomba kuliko watu wake wote. Mjomba hakuomba likizo.

Bi Koma hakumchukia Mjomba. Alikuwa ameona vifaa vingi vikija kama bwana harusi na kuondoka kama mpangaji aliyeshindwa pango. Kila kimoja kilitangazwa kuwa kimekuja kumaliza kazi ya programa, na kila mara kazi iliamka asubuhi yake ikimsubiri. Yeye mwenyewe alimtumia Mjomba kwa kazi za kuchosha mikono. Alichosimamia ni jambo moja tu, na alilisema mpaka vijana wakawa wanamuigiza: "Mjomba aandike. Lakini kitu kisitoke hapa mpaka mtu mwenye jina na aibu yake amekisoma."

Sasa mtu huyo alikuwa yeye. Kila kazi ilipita kwake ili aiidhinishe. Wiki ile zahanati zilikuwa zinasubiri karatasi mpya za dawa, zile zinazomwambia mgonjwa anywe kiasi gani, na Mkurugenzi alipita mlangoni kwake mara kwa mara akigonga saa yake ya mkononi kwa kidole. Bi Koma alikuwa anatoka kikao kimoja akiingia kingine. Kwenye korido akafungua kompyuta nyembamba, akaona orodha ndefu ya kurasa alizoandika Mjomba, akasikia akiitwa. Akabonyeza "kubali", akaingia kikaoni.

*

Wawekezaji walikuja siku chache baadaye, wamevaa suti za rangi ya mchanga. Mkurugenzi alikuwa amefunga skrini kubwa ukutani yenye orodha ya zahanati zote, kila moja na taa yake ya kijani. Bi Koma alitakiwa asimame karibu nayo, atabasamu.

Simu ililia kwenye meza ya Miwani. Huyu alikuwa programa binti, mwepesi, mwenye miwani minene na mdomo usiokopesha. Akasikiliza, akabadilika uso, akamfuata Bi Koma na simu mkononi.

"Dada, ongea na huyu."

"Ndio wenye mfumo nyie?" sauti ya mwanamke iliuliza. Nyuma yake watoto walikuwa wanalia. "Mimi ni muuguzi wa zahanati. Karatasi yenu ya dawa inasema vijiko vitatu vya chakula, mara tatu kwa siku. Mgonjwa mwenyewe hajaota hata jino. Nimejaribu mara mbili, jibu ni lile lile. Nifuate mashine yenu au nifuate akili yangu?"

"Fuata akili yako, dada yangu. Usimpe."

"Hilo nilishaamua kabla sijapiga. Nawauliza kuhusu wenzangu wa zahanati nyingine, ambao foleni zao zimefika barabarani. Akili wanazo. Muda wanao?"

Bi Koma akamrudishia Miwani simu. Akamvuta Mkurugenzi pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini. Mkurugenzi alisikiliza huku akiwatabasamia wageni juu ya bega lake.

"Waambie mtandao unasumbua," akasema. "Wageni wakishaondoka tutaangalia."

"Tuzime karatasi za dawa sasa hivi. Waandike kwa mkono mpaka tusahihishe."

"Uzime? Na taa hizi zote ziwe nyekundu mbele ya wageni?"

"Ndio."

"Mama, hebu rudi pale usimame."

Alimwita mama, neno la heshima, kwa namna ambayo heshima ilikuwa imechujwa ikatoka. Bi Koma alimtazama, akatazama skrini, kisha akapita katikati ya suti za mchanga mpaka kwenye meza ya Miwani.

"Zima," akasema.

"Ameidhinisha nani?"

"Mimi. Au umeneja ni wa nini?"

Miwani akazima. Ukutani taa zikaanza kugeuka nyekundu, moja, nyingine, zikashuka kama shanga zilizokatika uzi. Bi Koma akavuta kiti, akaketi bega kwa bega na binti yule, wakaanza kusoma mstari kwa mstari. Miwani ndiye aliyeona kwanza.

"Hii hapa. Uzito wa mgonjwa usipojazwa, Mjomba amedhania ni mtu mzima. Mtoto asiyepimwa anapewa dozi ya babu yake." Akashuka na kidole mpaka chini ya ukurasa. "Dada, hii uliipitisha wewe. Uliisoma?"

"Sikuisoma."

Miwani akamsogezea kibodi.

Vidole vya Bi Koma vilikuwa vimeanza tu kuandika aliposikia viatu nyuma yake na kicheko cha Mkurugenzi, kile cha kuchekea wageni.

"Jamani, mnaona meneja wetu alivyo mchapakazi! Meneja, tulikubaliana nini kuhusu kibodi? Hebu rudi kitini kwako."

"Nipo kitini kwangu," Bi Koma akajibu bila kugeuka.

"Hizo taa nyekundu maana yake nini?" mgeni mmoja akauliza.

"Mtandao tu," Mkurugenzi akasema.

Hapo Bi Koma akageuka. "Si mtandao. Mfumo wetu umetoa dozi za watu wazima kwa watoto wachanga. Muuguzi mmoja ametushtua, tumezima nchi nzima, na hivi tunasahihisha. Kazi ile niliipitisha mimi bila kuisoma."

Feni za kompyuta zikasikika. Bi Koma akawageuzia mgongo, akaendelea kuandika, huku Miwani akipiga simu zahanati moja baada ya nyingine: mmempa mtu? mrudisheni, mwiteni. Mpaka mchana unageuka wakajua kuwa hakuna mtoto aliyemeza vijiko vitatu. Bi Koma akaenda msalani, akafunga mlango, akalia kwa muda mfupi, akanawa uso na kurudi.

*

"Umenivua nguo," Mkurugenzi akasema alipomwita ofisini. Ucheshi ulikuwa umeondoka na wageni. "Sasa sikiliza. Utaomba radhi mbele ya wote, utabaki meneja, na hutagusa tena kibodi. Hutaki, mlango ule pale."

"Kuomba radhi nitaomba, kwa zahanati. Niliwakosea wao. Umeneja chukua. Nirudishe kwenye kazi yangu."

"Huku hakuna kurudi. Watu wanapanda. Mtu wa umri wako kuandika kodi na watoto! Huoni haya? Kwani wewe hutaki kupanda?"

"Nataka," Bi Koma akasema. "Lakini kupanda kuko kwingi, bosi. Kuna kupanda ngazi na kuna kupanda mhogo. Mhogo nao unakua. Unakua kwenda chini, na siku ya njaa ndiyo mnauulizia."

Mkurugenzi akagongagonga kalamu mezani. Alijua, kama wote walivyojua, kwamba nusu ya mfumo ule ilikaa katika kichwa cha mwanamke yule, na kwamba wawekezaji walikuwa wameondoka wakimuulizia yeye kuliko mtu mwingine. Kumfukuza asingeweza wiki ile. Kumkomoa aliweza.

"Sawa. Utarudi. Kwa mshahara wako wa zamani na bima yako ya zamani. Umeneja nampa Miwani. Utakuwa unatumwa na binti uliyemfundisha kazi."

"Ni hodari. Na anapenda watu. Umechagua vizuri."

Hilo ndilo lililomuudhi Mkurugenzi kuliko yote. Siku iliyofuata meza ya Bi Koma ilikutwa koridoni, kando ya mtungi wa maji ya kunywa, ambako kila mwenye kiu alimkanyagia waya. Miwani alimfuata pale, uso umemwiva.

"Dada, mimi nilikitaka cheo hiki, sikufichi. Nakitaka. Lakini sikutaka hivi."

"Ukikitaka, kikalie. Utanituma, nami nitakurudishia koma zako. Meza iache, hapa nasikia habari zote."

*

Nyumbani hakukuwa na mtu wa kucheka. Mumewe alimsikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya mgongo wa kiti.

"Umeuza macho ya mama yangu," akasema. "Umeyauza kwa kibodi."

"Sikuuza. Mama atatibiwa, hata nikalale kwenye foleni mimi. Lakini siwezi kumnunulia macho kwa sahihi za vitu nisivyovisoma. Leo ilikuwa bahati. Kesho je?"

"Hayo kamwambie yeye."

Hakukuwa na haja. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba. Bi Koma alimkuta mama mkwe ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Nimesikia," bibi akasema. "Niliahidiwa macho. Usinieleze habari za watoto wa watu, nisije nikaonekana mchawi kwa kuyataka. Niache."

Mwisho wa wiki wifi alikuja na gari la kukodi. Alikunja nguo za mama yake moja moja, polepole, ili kila mtu aone. "Mama atakaa kwangu," akasema. "Huku kuna watu wana kazi zao muhimu." Na akachukua hata kile kitambaa kipya cha siku ya keki. Bi Koma alibeba begi mpaka garini. Hakuna aliyemwambia asante.

Alikwenda hospitali ya serikali alfajiri, siku zake za likizo, akapanga foleni na wagonjwa wenyewe. Mara ya kwanza dirisha lilifungwa kabla hajafika. Mara ya pili aliambiwa alete barua ya zahanati ya mtaa. Mara ya tatu alikuwa amesimama anasinzia aliposikia mtu akimgusa bega. Alikuwa mumewe, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku nyingi kumsemesha zaidi ya "ndio" na "hapana".

"Rudi kazini, usimalize likizo yako. Nitakaa mimi. Mimi sina bosi wa kunisubiri."

Hakuondoka mara moja. Wakasimama pamoja, foleni ikisogea kwa hatua za kobe.

"Umejuaje kama nawe hutaachwa kama mimi?" mumewe akauliza, akitazama mbele. "Huyo Mjomba wenu leo anakosea. Kesho hatakosea."

"Sijui. Huenda nikaachwa. Lakini kazi yangu haijawahi kuwa kibodi. Kazi yangu ni kuelewa yule muuguzi anataka nini, na kukataa kudanganya. Na wewe, watu walipoacha kuja studio, jicho lako nalo lilifunga duka?"

"Usinihubirie," mumewe akasema kwa ukali, na mwanamke aliyekuwa mbele yao akageuka. Lakini zamu alishika, na jioni alirudi na tarehe: baada ya mvua. Si karibu, lakini ni tarehe. Aliibandika ukutani.

*

Mama mkwe alirudi kabla ya mvua, mwenyewe, na begi lake. Kwa binti yake alikuwa anawekwa mbele ya televisheni asubuhi na kutolewa usiku, na kila akiuliza kinachoendelea anaambiwa, "Mama, si unasikia?" Alikaa kwenye kochi lake, akavua viatu, akaomba chai.

Mchana ule Bi Koma alikuwa anafanya kazi mezani, Miwani amemtuma kumalizia sehemu ya dozi kabla zahanati hazijafunguliwa wiki mpya. Mumewe alikuwa uani, ameivua friji lile pazia, analipiga vumbi. Kwa nini, hakusema.

"Ni hiyo?" mama mkwe akauliza. "Hiyo kazi iliyonishinda mimi?"

Bi Koma akaacha kuandika. "Ndiyo hii, mama."

"Sijakusamehe. Ujue hivyo. Jicho linanisumbua na mvua haijanyesha. Lakini nisomee. Nataka nijue nimeshindwa na nini."

Bi Koma alisita. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumuomba hivyo. Akasoma, akiitafsiri alivyoweza: "Kama uzito wa mgonjwa haujaandikwa, usitoe karatasi. Simama. Muulize muuguzi. Kama mgonjwa ni mtoto, na dozi imezidi ya mtoto, simama. Muulize muuguzi."

"Endelea."

"Kama muuguzi amekataa, mfuate muuguzi."

"Kumbe ni maneno tu," bibi akasema. "Nilidhani ni mitambo."

"Ni maneno tu, mama. Ila yanafuatwa."

Bibi akanywa chai. Uani pazia lilipigwa tena, vumbi likaingia dirishani.

"Na ukizeeka utakuwa nani? Yule binti ameshakuwa bosi wako. Watakuja wengine, watakuwa mabosi wa bosi wako. Wewe je?"

"Nitakuwa programa mzee."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama. Na nitakuwa mzuri kuliko leo."

Mama mkwe akaguna. Akaweka kikombe chini kwa kupapasa, akaegemea kochi, akageuza sikio upande wa meza.

"Haya, zeeka," akasema. "Ila soma kwa sauti. Mimi bado sioni."